Mazoezi ya mwili na kichwa cha darasani: maswali ya wanafunzi wa vyuo yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 18 hadi 30 hivi, mzima wa afya, anayetaka kujua kama kukimbia, kucheza mpira au kunyanyua vyuma kutamsaidia anapopiga msuli, yaani anaposoma kwa bidii. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, kwa kuwa joto la pale lina mambo yake. Saa zote ni za Kiswahili: saa 2 asubuhi ni saa mbili baada ya saa 12 ya alfajiri.

Moja kwa moja: mazoezi yanaongeza akili?

Hapana, kama kwa akili unamaanisha uwezo wa kudumu wa kufikiri. Kijana mzima hafanyi jogingi miezi mitatu akarudi na kichwa kingine. Anachopata ni faida mbili, ndogo lakini za kweli. Ya kwanza ni ya papo kwa papo: ukifanya mazoezi ya wastani kwa dakika 20 hadi 30, umakini na uwezo wa kupuuza vishawishi hupanda kidogo kwa muda mfupi baada ya hapo. Ya pili huja kwa njia ya kuzunguka: anayefanya mazoezi wiki baada ya wiki hupata usingizi mzuri zaidi, wasiwasi humpungua, na anaweza kukaa na kitabu bila kichwa kujaa mawazo. Hii ya pili, kwa maoni yetu, ndiyo yenye uzito kwenye matokeo ya muhula, ingawa haipendezi kuiandika kwenye bango.

Mbona kila mahali imeandikwa kwamba mazoezi yanakuza ubongo?

Chanzo kikubwa ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011. Watu 120 waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilitembea kwa kasi siku tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, jingine lilifanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Kwa waliotembea, haipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu mpya, iliongezeka kwa takriban asilimia 2. Kwa wale wengine ilipungua kwa takriban asilimia 1.4. Matokeo mazuri kabisa, ila washiriki walikuwa na umri wa miaka 55 hadi 80. Katika umri huo sehemu hiyo tayari inasinyaa, kwa hiyo kuna kitu cha kuokoa. Mtu wa miaka 21 hana upungufu huo.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2019, uliwachukua watu 132 wa miaka 20 hadi 67 wasio na mazoea ya mazoezi, ukawafuatilia kwa miezi sita. Uwezo wa kupanga, kubadili mwelekeo wa mawazo na kujizuia uliongezeka kwa waliofanya mazoezi ya pumzi (yale yanayopandisha mapigo kwa muda, kama kukimbia), na faida ilikuwa kubwa zaidi kadiri umri ulivyokuwa mkubwa. Waliokaribia miaka 60 walinufaika kuliko waliokuwa na miaka 40, na hao wakawapita vijana.

Kisha mwaka 2023 watafiti wa Hispania walikusanya mapitio 24 yenye majaribio zaidi ya 100 ya watu wazima na watoto wenye afya njema. Waliporekebisha hesabu kwa ajili ya tabia ya majarida kuchapisha matokeo mazuri na kuyaacha yasiyo na mvuto, faida iliyobaki ilikuwa ndogo mno. Tunaitaja hapa kwa sababu wauzaji wa programu za mazoezi hawataitaja.

Lakini si vijana wenye pumzi nzuri hufanya vizuri kwenye mitihani ya akili?

Ni kweli wanaonekana hivyo. Sweden iliwapima zaidi ya vijana milioni moja wa kiume walipoingia jeshini wakiwa na miaka 18, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa waliokuwa na moyo na mapafu imara walipata alama za juu zaidi kwenye vipimo vya akili. Nguvu ya misuli haikuwa na uhusiano wa namna hiyo. Ila uhusiano si chanzo. Kijana aliyekulia nyumba yenye chakula cha kutosha, kiwanja karibu na muda wa kucheza huenda pia ndiye aliyepata shule nzuri. Namba hizo zinaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja. Hazisemi kipi kinamvuta mwenzake.

Ndani ya kichwa kunatokea nini hasa?

Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni mwili unapopumzika. Unapoanza kutembea kwa kasi, mapigo hupanda na ubongo humwaga noradrenalini na dopamini, kemikali zinazohusika na kuwa macho na kuelekeza umakini. Misuli hutoa laktati, ambayo ubongo huweza kuitumia kama nishati. Protini iitwayo BDNF, inayosaidia seli za neva kuunganika, hupanda kwenye damu na kushuka tena muda mfupi baadaye.

Hapa ndipo watu wanapokosea: wanadhani kwa kuwa kiasi kidogo kinaamsha, kikubwa kitaamsha zaidi. Ukikimbia hadi ukachoka kabisa, noradrenalini inazidi kipimo, joto la mwili linapanda, sukari inaweza kushuka, na kwa muda baada ya hapo maswali yanayohitaji kufikiri yanakuwa magumu zaidi, si rahisi. Kitu kinachobaki kizuri hata ukiwa unahema ni kasi ya kuitikia ishara rahisi, kama kubonyeza kitufe taa ikiwaka. Mtihani wa takwimu si taa.

Makali ya wastani ni yapi? Nipime vipi bila saa ya kisasa?

Njia ya kwanza ni mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, upo kwenye wastani. Ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, umeingia kwenye makali. Waliopita shule za Tanzania wanajua mchakamchaka: kasi inayokuruhusu kuitikia wimbo lakini si kuuongoza bila kukatika pumzi iko mpakani mwa hayo mawili.

Njia ya pili ni kuhesabu mapigo. Toa umri wako kwenye 220. Hicho ni kikomo cha makadirio. Kwa mtu wa miaka 22 ni 198. Wastani ni asilimia 64 hadi 76 ya hapo, yaani mapigo 127 hadi 150 kwa dakika. Makali ni asilimia 77 hadi 95, yaani 152 hadi 188. Simama, weka vidole viwili vya kati kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Mapigo 32 hadi 37 ndani ya sekunde 15 yanatosha. Usitumie dole gumba kuhesabia, lina mapigo yake na litakuchanganya. Na uanze kuhesabu mara tu unaposimama, kwani baada ya nusu dakika mapigo yanakuwa yameshashuka na utadhani hukufanya kitu.

Njia ya tatu ni hatua: karibu hatua 100 kwa dakika ni mwendo wa wastani kwa watu wengi. Hesabu hatua za sekunde 30, zikifika 50 umefika.

Kwa wiki nifanye kiasi gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kwa watu wa miaka 18 hadi 64 ni dakika 150 hadi 300 za wastani, au 75 hadi 150 za makali, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Kutembea kutoka hosteli, kubeba maji ghorofani na kupanda ngazi vinaingia kwenye hesabu hiyo. Huenda wanafunzi wengi wa vyuo vilivyo mlimani wanafikia sehemu yake bila kujijua.

Nifanye mazoezi kabla ya kusoma au baada?

Inategemea unasomea nini. Ukitaka kukaa na tatizo gumu, fanya kabla. Mapitio makubwa ya mwaka 2012 yaliona kuwa faida ya umakini ilikuwa nzuri zaidi kati ya dakika ya 11 na ya 20 baada ya kumaliza, na kwamba mazoezi ya chini ya dakika 20 hayakuleta cha maana. Kwa hiyo: dakika 20 hadi 25 za kutembea kwa kasi, dakika 10 za kunawa uso na kunywa maji, kisha kaa kwenye kimbweta (meza ya kusomea ya nje) ukianza na kazi nzito kuliko zote. Kosa la kawaida ni kutumia dakika hizo bora kujibu meseji.

Ukitaka kitu kibaki kichwani, mazoezi baada ya kusoma yana ushahidi wa kuvutia. Mwaka 2016, Uholanzi, watu 72 walijifunza mahali picha zilipowekwa. Kundi moja liliendesha baiskeli ya mazoezi mara moja baada ya kujifunza, jingine baada ya saa nne, la tatu halikufanya chochote. Siku mbili baadaye, waliofanya baada ya saa nne ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Waliofanya papo hapo hawakuwapita wasiofanya. Usiichukue saa nne hiyo kama sheria, ni utafiti mmoja. Ila ratiba ya kukariri saa 6 mchana na kwenda kiwanjani saa 10 jioni haina hasara yoyote, kwa hiyo ifuate.

Wanaojifunza kazi za mikono, kama kushona jeraha, kupiga sindano au kuchomelea, wana habari nzuri zaidi. Katika jaribio la mwaka 2012 la vijana wa kiume 48, mazoezi makali ya muda mfupi mara tu baada ya kujifunza ustadi wa mkono yalisaidia ustadi huo kubaki siku moja na siku saba baadaye.

Naweza kusoma huku natembea?

Kukariri maneno, tarehe au hatua za mchakato ukienda mwendo wa polepole hakuna tabu. Wengi hufanya hivyo wakizunguka hosteli na desa (karatasi za masomo) mkononi. Kwa kutafuta mawazo, kutembea kunasaidia kweli: majaribio ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 2014 yalionyesha watu wanatoa mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakikaa, na athari hiyo ilibaki muda mfupi baada ya kukaa. Lakini kwenye maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukusaidia. Kwa hiyo tembea ukipanga hoja za insha au kichwa cha utafiti wako. Kaa chini ukifanya hesabu. Usitembee na kitabu barabarani, bodaboda hawajui kama una mtihani.

Siku ya mtihani wa saa 2 asubuhi nifanyeje?

Jogingi ya alfajiri saa 11 ni tabia nzuri, ila ikifika saa 2 athari yake ya umakini imeshaisha. Ukitaka uingie nayo, sogeza mazoezi karibu na mlango. Amka saa 11 na nusu, kunywa uji au chai na kitafunwa saa 12. Saa 1 na dakika 10 anza kutembea kwa kasi. Anayekuja kwa daladala ashuke kituo kimoja au viwili kabla. Maliza saa 1 na nusu. Dakika 30 zilizobaki ni za jasho kukauka, chooni, kitambulisho na kutafuta namba ya kiti. Beba leso na fulana ya kubadili, maana kukaa saa tatu na nguo iliyolowa chini ya feni kunaharibu ulichokitafuta.

Usijaribu hili kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Lijaribu siku ya testi ndogo. Na kama umechelewa, acha: presha ya kukuta mlango umefungwa itakugharimu kuliko dakika 20 za kutembea.

Nimekesha. Nikimbie ili niamke?

Kulala kunashinda kukimbia. Mtu mzima wa umri wako anahitaji saa 7 hadi 9. Ukiwa umelala kwa muda wa saa nne tu, kutembea dakika 10 juani kutakuondolea usingizi kwa muda, lakini kumbukumbu zinazopangwa wakati wa usingizi hazirudishwi na jogingi. Una dakika 30 tu? Lala 20, zima simu, weka kengele. Ukipitiliza hadi dakika 45 au 60 utaamka mzito, kwa sababu umekatizwa kwenye usingizi mzito.

Kwa jioni: mazoezi ya wastani hayaharibu usingizi wa watu wengi. Yanayoharibu ni ya makali yanayoisha chini ya saa moja kabla ya kulala. Mechi ya saa 3 usiku na kitanda saa 4 haviendi pamoja.

Joto la Dar linaathiri vipi?

Sana, hasa Desemba hadi Machi, unyevu unapokuwa mwingi na jasho halikauki. Jasho lisilokauka halipoozi mwili. Ukipoteza maji yanayofikia asilimia 2 ya uzito wako, umakini unaanza kushuka. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo 1.2, na saa moja ya mpira juani inaweza kukufikisha hapo. Yaani umeenda kunoa kichwa, ukarudi nacho kikiwa butu.

Jipime mara moja ujue unatoka jasho kiasi gani: panda mzani kabla, ukiwa na nguo kidogo, na baada, ukiwa umejifuta. Kila kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Rudisha lita 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo, polepole ndani ya saa chache, pamoja na chakula chenye chumvi ya kawaida. Asiye na mzani aangalie mkojo: rangi ya maji ya limao ni sawa, rangi ya chai ya rangi ni dalili ya upungufu. Kunywa lita tatu kwa mpigo pia ni hatari, inapunguza chumvi ya damu.

Miezi hiyo fanya mazoezi kabla ya saa 1 na nusu asubuhi au baada ya saa 11 jioni.

Chai, kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi?

Kikombe cha kahawa au chai nzito kabla ya mazoezi hakina shida. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaona miligramu 400 za kafeini kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mara moja, kuwa salama kwa mtu mzima asiye mjamzito. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida lina karibu miligramu 80. Soma lebo, kwa kuwa chupa kubwa zinabeba zaidi. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi: ukinywa saa 10 jioni, saa 3 usiku nusu bado ipo.

Mirungi ni habari nyingine. Inapandisha mapigo na shinikizo la damu, inaua njaa na inakata usingizi. Kuichanganya na mazoezi makali kwenye joto ni kuupa moyo kazi mbili.

Mpira, jogingi au jimu, kipi bora kwa kichwa?

Mazoezi ya pumzi ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi. Vyuma vina ushahidi mdogo kwa vijana kwenye suala la akili, lakini vina faida zake kwa mifupa, mgongo unaouma kwa kukaa na usingizi, kwa hiyo siku mbili kwa wiki zinatosha: pushapu, kuchuchumaa na kusimama, kujivuta kwenye chuma, seti tatu za marudio 8 hadi 12. Mpira wa miguu, netiboli na kikapu vina uzuri wa kukulazimisha kufanya maamuzi haraka. Kama vinakuza maamuzi ya darasani ni madai makubwa kuliko ushahidi. Ukweli wa kawaida ni kwamba zoezi bora ni lile utakalolirudia wiki ya nane, na watu hurudi kwenye mchezo wenye wenzao.

Kupiga mpira kwa kichwa kuna madhara?

Kuna sababu ya kuwa mwangalifu. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, kiliwapa wachezaji 19 mipira 20 ya kupiga kwa kichwa, iliyorushwa kwa mashine kwa nguvu ya kona. Matokeo ya kipimo cha kumbukumbu yalishuka kwa asilimia 41 hadi 67, kisha yakarudi kawaida ndani ya saa 24. Kwa mwanafunzi maana yake ni rahisi: usifanye mazoezi ya kupiga vichwa siku moja kabla ya mtihani.

Kugongana vichwa ni kesi nyingine. Ukiumwa kichwa, ukaona ukungu, ukahisi kichefuchefu au ukasahau matokeo ya mechi, toka uwanjani na usirudi siku hiyo, hata kama kocha anasema uko sawa. Pumzika saa 24 hadi 48 ukifanya shughuli nyepesi tu, punguza simu, kisha rudi darasani kwanza, uwanjani baadaye, kwa hatua: kutembea, jogingi nyepesi, mazoezi bila kugusana, mazoezi kamili, mechi, kila hatua angalau siku moja. Kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usioamshika au mboni za macho zisizolingana ni hospitali hapo hapo.

Sijafanya zoezi lolote tangu kidato cha sita. Nianze vipi?

Siku tatu kwa wiki, zisizofuatana. Dakika tano za kutembea, kisha kimbia polepole dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Malizia na dakika tano za kutembea. Wiki ya tatu kimbia mbili, tembea mbili, mara sita. Wiki ya tano kimbia tatu, tembea moja, mara sita. Ukishindwa hatua moja, irudie wiki nzima bila aibu.

Wanaoacha huacha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kukimbia kwa kasi ya wanaowapita: kama huwezi kuongea, punguza. Ya pili ni maumivu ya mbele ya mguu, kwenye ugoko, yanayotokana na kuongeza umbali ghafla kwenye lami na viatu vilivyokufa. Ukinunua raba za mtumba, bonyeza soli ya kati kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi pembeni, sponji imekwisha. Viweke mezani uvitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande mmoja kitakuvuta mguu. Bumu (fedha ya mkopo wa mwanafunzi) likitoka, raba ndiyo ya kutumia hela, si vidonge vya kuongeza akili.

Asiye na mahali pa kukimbia atumie kamba: ruka sekunde 30, pumzika 30, raundi 20. Mguso mwepesi wa vidole vya mbele, kamba ipite sentimita chache tu chini ya miguu.

Nitajuaje kama kwangu inafanya kazi?

Ukijipima vibaya utajidanganya, kwa sababu kipimo chochote ukikirudia unakizoea na alama zinapanda zenyewe, na pia ukitarajia kupanda utajitahidi zaidi. Fanya hivi. Chukua rula ya sentimita 30. Mwenzako aishike juu, namba sifuri ikiwa kati ya dole gumba lako na kidole cha shahada bila kugusa. Aiachie bila kukuonya, uikamate. Soma sentimita. Sentimita 15 ni takriban sekunde 0.175, sentimita 20 ni takriban 0.20. Fanya mara 10, tupa tatu za mwanzo, panga zilizobaki kwa ukubwa, chukua ya katikati.

Kwa kumbukumbu, mwenzako aandike orodha za maneno 20 ya kawaida, mpya kila mara. Soma dakika mbili, ziba, fanya kazi nyingine dakika 30, andika unayoyakumbuka.

Sasa rusha sarafu kila siku ya jaribio: kichwa unatembea kwa kasi dakika 20 kabla, mwenge unakaa dakika 20. Saa ile ile, chakula kile kile. Siku za kwanza ni za kuzoea, usizihesabu. Baada ya siku sita za kila upande linganisha namba za katikati. Tofauti ya neno moja au sentimita moja si kitu. Inaweza kutokea bila sababu.

Ramadhani nifanyeje?

Nyakati mbili zinafaa. Dakika 20 hadi 30 za kutembea karibu na magharibi, zikiisha futari ikiwa mezani, ili kiu isikae muda mrefu. Au saa moja na nusu hadi mbili baada ya futari nyepesi, ambapo ndipo mazoezi makali yawekwe kama lazima. Gawa maji kati ya futari na daku badala ya kuyamimina yote kwenye daku. Kichwa kikiwa chepesi kupita kiasi au ukitetemeka, simama.

Wasichana wana la kuzingatia zaidi?

Damu ya mwezi si sababu ya kuacha mazoezi. Fanya kwa kadiri mwili unavyokuruhusu. Linaloangaliwa ni madini ya chuma. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wanawake vijana wa ukanda wetu, na huleta uchovu, kuhema kwenye ngazi na kushindwa kutulia na kitabu, mambo ambayo mtu huyaita uvivu. Kipimo cha hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu, na jogingi haitibu hilo. Dagaa, nyama, maini na maharage yenye ndimu vinasaidia. Chai iliyonywewa pamoja na mlo inazuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo isubirishe saa moja.

Ukiwa unafanya mazoezi mengi na kula kidogo, na hedhi ikapotea miezi mitatu, nenda kliniki. Ni ishara kwamba mwili hauna nishati ya kutosha, na umakini hushuka pamoja nao.

Nani amwone daktari kwanza?

Mwenye ugonjwa wa selimundu, aliyewahi kuzimia akikimbia, anayepata maumivu ya kifua, mwenye mapigo yanayorukaruka, au mwenye ndugu wa karibu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa kijana. Mwenye selimundu haambiwi asifanye kitu, ila kiwango chake kipangwe kliniki, anywe maji, na aepuke kuchoka kabisa na baridi ya ghafla. Aliye na chembe ya kurithi tu, bila ugonjwa, aongeze makali polepole na aache mara misuli inapokaza isivyo kawaida.

Mwenye pumu abebe pampu na atumie kama alivyoelekezwa kabla ya kuanza. Mwenye homa, ya malaria au nyingine, asifanye zoezi lolote hadi homa iishe na hamu ya kula irudi.

Niliacha wiki tatu za mitihani. Narudi pale nilipoishia?

Hapana. Pumzi huanza kupungua baada ya wiki mbili hivi za kukaa, ingawa wewe hutahisi hivyo hadi ufike kilima cha kwanza. Anza na nusu ya muda uliokuwa ukifanya na kasi ya kuongea, kwa wiki moja. Wiki ya pili panda hadi robo tatu. Ya tatu rudi kamili. Na muhula ujao usiache kabisa: dakika 20 mara mbili kwa wiki, ukiweka makali kidogo ndani yake, zinatosha kulinda sehemu kubwa ya ulichojenga hadi karatasi ya mwisho ikusanywe.